Marumaru kubwa ukutani: kazi iliyopo kabla ya gundi

Siku hizi karibu kila anayejenga Dar es Salaam anataka marumaru kubwa za ukutani, zile za sentimita 60 kwa 120, hasa bafuni na nyuma ya televisheni. Simlaumu mtu. Zinapendeza, na mistari ya kusugua inakuwa michache. Kinachonisumbua kama fundi ni kwamba pesa yote inaishia kwenye marumaru na gundi, ukuta wenyewe hauangaliwi. Ninapoitwa kutengeneza ukuta ulioachia, mara nyingi gundi haina kosa. Geuza kipande kilichoanguka, utakuta gundi imeng'ang'ania mgongoni barabara, na juu yake kuna utando mweupe wa skimu (ile lipu laini ya kumalizia ukuta kabla ya rangi) au bamba la plasta lililochomoka nayo. Gundi ilishika. Kilichoachia ni kile ilichoshika.

Hebu tupige hesabu. Marumaru ya porselini yenye unene wa milimita 10 ina uzito wa kama kilo 23 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kipande kimoja cha 60 kwa 120 kinapita kilo 16. Ongeza gundi, kilo 5 hadi 7 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.4 unabebeshwa takriban kilo 200. Mzigo huo haufiki kwenye tofali moja kwa moja. Unapita kwenye gundi, kisha praima (maji ya kupaka ukutani kabla ya gundi), kisha rangi kama ipo, skimu kama ipo, niru (uji wa saruji uliolainishwa) kama ipo, halafu plasta. Tabaka lililo dhaifu kuliko yote ndilo litakaloamua marumaru zitakaa au zitashuka.

Kwa sababu hiyo, skimu na rangi vinaondoka kwanza. Hapa ndipo ninapobishana sana na wenye nyumba. "Fundi, hiyo skimu nimeilipia juzi tu, leo unaikwangua?" Ndiyo mama, naikwangua yote. Skimu ya jipsamu haikuwekwa kubeba uzito. Mwongozo wa Uingereza wa kazi hii, BS 5385, unaweka kikomo cha kilo 20 kwa mita ya mraba juu ya plasta ya jipsamu, gundi ikiwa imo ndani ya hesabu, na porselini ya milimita 10 peke yake imeshapita hapo. Kuna na jambo la pili. Gundi ya unga ni ya saruji, na saruji ikikutana na jipsamu penye unyevu huzaliwa chembechembe zinazovimba polepole na kuisukuma gundi mpaka ibanduke. Ndiyo maana ukuta unaweza kukaa vizuri miezi mingi, kisha siku moja ukasikia kishindo usiku.

Dawa ya ubishi huu ni rahisi: amua mapema kuta zipi zitawekwa marumaru, ziandike kwa chaki, na umwambie fundi wa skimu aziache na plasta tupu. Utaepuka kulipa mara mbili.

Rangi ya mafuta nayo ikwanguliwe au isagwe kwa grenda. Niru ile laini inayoteleza ichongwe kwa tindo, alama zikaribiane, mpaka uone plasta yenye mikwaruzo.

Sasa plasta yenyewe. Chukua mpini wa nyundo, gonga ukuta mzima, shubiri kwa shubiri, usiruke pembe wala chini ya madirisha. Palipo pazima panatoa sauti nzito. Palipoachana na tofali panalia kama debe tupu. Hapo zungushia chaki, kata, bandua mpaka kwenye tofali, upige plasta upya. Kisha kuna kipimo cha msumari: kwaruza kwa nguvu. Msumari ukichora mstari mwembamba, plasta ina saruji ya kutosha. Mchanga ukimwagika kama unga, mchanganyiko ulikuwa wa toroli nyingi za mchanga kwa mfuko mmoja wa saruji, na plasta ya namna hiyo mimi siibandikii kitu kizito hata nikiongezewa malipo. Inabomolewa. Kwa plasta mpya ya kubeba marumaru nachanganya saruji 1 kwa mchanga 4, mchanga wa mtoni usio na udongo wala chumvi. Imwagilie siku za mwanzo, kisha iache ikauke si chini ya wiki 2. Wakati wa masika ipe zaidi.

Nguzo na boriti za zege ziangalie kwa jicho la pekee, maana mbao za fomu, zile za kumwagia zege, mara nyingi hupakwa oili chafu, na oili hiyo inabaki kwenye zege. Chonga uso wote. Pale zege linapokutana na tofali ndipo nyufa hupenda kupita, kwa hiyo weka wavu ndani ya plasta, uvuke pande zote mbili.

Ukiona chumvi nyeupe au rangi inayotuna karibu na sakafu, simama kwanza. Maji yanatoka mahali: chini ya msingi, au bomba linavuja ndani ya ukuta. Hakuna praima inayotibu hilo. Jaza mabomba maji kwa presha kabla hujafunika chochote.

Halafu unyoofu. Weka rula ya alumini ya mita 2, wima, mlalo na mshazari. Mwanya ukizidi milimita 3, sawazisha kwa plasta, usingoje kusawazisha kwa gundi. Marumaru ndogo hufuata bonde la ukuta, kubwa haikunjiki, na fundi akikuta bonde huishia kuweka madonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati. Katikati ya madonge kuna hewa tupu, na bafuni hewa hiyo hujaa maji.

Praima inakuja mwisho wa yote haya, na naomba tuelewane kuhusu kazi yake. Si gundi ya akiba. Inafunga vumbi jembamba na inapunguza kiu ya ukuta, ili plasta isiyanyonye maji ya gundi kabla saruji haijakomaa. Nyunyiza maji: yakipotea papo hapo, ukuta una kiu, pengine utataka mikono miwili, yaani kupakwa mara mbili. Yakiteleza kwa matone, kuna mafuta au rangi bado, rudi kuchonga. Fagia, futa kwa sponji yenye unyevu, acha ukauke, ndipo upake. Zege laini linataka praima yenye chembe za mchanga. Gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji usiitumie, kwa sababu hulainika ikipata unyevu. Sehemu ya kuogea, praima ikikauka, paka kizuia maji cha saruji mikono miwili.

Marumaru za porselini usizilowanishe kama zile za zamani. Hunyonya maji chini ya 0.5%, utaziongezea utelezi tu. Futa unga mweupe wa tanuri mgongoni, chagua gundi iliyoandikwa C2 kwenye mfuko, yaani ya saruji iliyoongezewa nguvu ya kushika, paka ukutani kwa mwiko wa meno ya milimita 10 au 12, mistari upande mmoja, na upake nyembamba mgongoni pia. Kipande cha kwanza kibandike, kikandamize, kisha kibandue papo hapo ukitazame. Gundi ijae karibu mgongo wote, bafuni nataka 95%. Ukiona mistari bado imesimama au sehemu kavu, badilisha meno ya mwiko kabla hujagusa kipande cha pili.