Jibu: Chuo cha saluni au nijifunzie kwa mtu?

Dada, habari. Umesema kusuka unajua, dawa ya kulainisha nywele hujawahi kumpaka mtu, na hujui ulipe ada ya chuo au uingie saluni ya mtu ujifunze humo humo.

Mimi nilianzia saluni ya mtu, na kwa anayejua kusuka tayari ningeshauri hivyo hivyo. Ila kwanza angalia mgongo na miguu. Rasta ndogo ni kusimama masaa, na Desemba wateja hawaishi. Kama huwezi, fikiria kucha na mekapu.

Dawa ndiyo ya kujifunza kwa nidhamu, maana inaunguza kweli. Muulize mteja kama amejikuna au ana kidonda. Akisema ndiyo, mwambie arudi siku nyingine, hata akikasirika. Paka mafuta ngozi ya kichwa na masikio, vaa glovu, anzia kisogoni, nywele laini za mbele ziwe za mwisho. Akisema inachoma, suuza papo hapo.

Na mwenye saluni kubalianeni kabla: unalipwa kwa kichwa au kwa mwezi, na nani ananunua rasta na dawa. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia.

Cheti kisikutishe. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini: unapimwa, mapungufu yanafundishwa, unapewa cheti. Ulizia ofisi yao iliyo karibu nawe.

Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au kemikali ya haidrokwinoni usiziguse kabisa, zimepigwa marufuku.