"Hasi tatu" kwenye uvimbe wa daraja la 1: tuyaamini majibu?

SWALI: Mimi ni afisa tabibu katika hospitali ya wilaya mkoani Lindi. Mama wa miaka 58 aliondolewa titi: uvimbe wa sentimita 2.5, saratani ya mirija ya maziwa ya aina iliyozoeleka, daraja la 1 (seli zake bado zinafanana na za kawaida). Vipimo vya protini vimerudi kutoka Dar es Salaam: ER (kipokezi cha estrojeni) 0%, PR (kipokezi cha projesteroni) 0%, HER2 (protini inayochochea ukuaji) 0, Ki-67 (alama ya kasi ya seli kugawanyika) 8%. Titi zima lilikaa kwenye ndoo ya fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, tangu Ijumaa mchana, likapandishwa basi Jumatatu. Nimwambie ni hasi tatu (ER, PR na HER2 zote hasi) na tamoksifeni, dawa ya kuzuia estrojeni, haitamfaa?

JIBU: Daktari, usimwambie bado. Majibu hayo hayapatani. Saratani ya mirija ya daraja la 1 karibu kila mara huwa na kipokezi cha estrojeni (ER). Hasi tatu ya kweli kwa kawaida ni ya daraja la 3, na Ki-67 yake huwa juu. Zipo aina chache za nadra, kama adenoidi sistiki, ambazo ni hasi tatu na bado ni pole, ila ripoti yako haizitaji. Mtuhumiwa wa kwanza ni ile ndoo.

Fomalini hupenya tishu kwa takriban milimita moja kwa saa, na kasi hupungua kadiri inavyozama. Mafuta ya titi huichelewesha zaidi. Uvimbe ulio katikati ya titi ambalo halikupasuliwa, kwa joto la Lindi, huanza kuharibika kabla dawa haijaufikia. ER na PR huweza kupotea hapo, na Ki-67 nayo hushuka, kwa hiyo hata hiyo 8% isikutulize.

Mpigie mpatholojia umuulize jambo moja: kwenye slaidi ya ER, mirija ya kawaida, isiyo na saratani, iliyo kando ya uvimbe ilishika rangi? Baadhi ya seli zake lazima ziwe na viini vya kahawia. Kama nayo haikushika kitu, kipimo ni batili, hakijawa hasi. Kwa HER2 ni kinyume: mirija ya kawaida ikishika rangi, kipimo kimezidisha. Kisha omba kirudiwe kwenye bloku nyingine (kipande cha tishu kilichowekwa kwenye nta), ya ukingo wa uvimbe au ya tezi ya kwapa iliyoingiwa na saratani. Kama kabla ya upasuaji alichukuliwa biopsi ya sindano nene, bloku hiyo ndiyo bora kuliko zote, maana kipande chembamba hufikiwa na fomalini mapema.

Kuhusu namba zenyewe: ER ikifika 1% inahesabiwa chanya, ingawa kati ya 1% na 10% ni chanya hafifu na faida ya tamoksifeni haina uhakika mkubwa. HER2 ya 0 na 1+ ni hasi, 3+ ni chanya. 2+ bado si jibu. Inahitaji kipimo cha FISH cha kuhesabu jeni. Ki-67 naiamini ikiwa 5% au chini yake, au 30% na zaidi. Katikati hapo wasomaji wawili wa slaidi moja hutofautiana.

Ndiyo maana kosa hili ni ghali. Mwenye ER chanya hunywa tamoksifeni miligramu 20 kwa siku kwa miaka 5, na hatari ya ugonjwa kurudi hupungua sana, japo unaweza kuibuka hata baada ya miaka 10. Hasi tatu hurudi zaidi katika miaka 3 ya mwanzo. Akivuka 5, hatari hushuka mno. HER2 chanya zamani ilikuwa habari mbaya tu, lakini tangu ipatikane trastuzumabu, dawa inayoishambulia HER2, protini hiyohiyo imekuwa shabaha ya tiba. Hata hivyo, hakuna protini inayofuta ukubwa wa uvimbe na idadi ya tezi zilizoingiwa. Hukuniandikia tezi ni ngapi, na hilo ni la kuuliza leo.

Safari ijayo, daktari wa upasuaji akishaweka nyuzi za alama, lipasue titi kutokea upande wa misuli, vipande vya unene wa milimita 5 hadi 10 vikiwa bado vimeshikana kwenye ngozi, na weka shashi katikati yake. Yote yafanyike ndani ya saa moja tangu litolewe. Fomalini iwe mara 10 ya tishu: titi la gramu 600 linataka lita 6. Changanya mililita 100 za fomaldehaidi ya 37–40% na mililita 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfeti (yenye molekuli moja ya maji) na gramu 6.5 za disodiamu hidrojeni fosfeti isiyo na maji. Bila chumvi hizo mchanganyiko hugeuka asidi. Usitumie spiriti wala maji ya dripu. Kopo liwe la mdomo mpana, kwa sababu tishu ikikakamaa haitoki kwenye shingo ya chupa.

Muda wa kukaa humo ni saa 6 hadi 72. Andika kwenye fomu saa ya kutolewa na saa ya kutumbukizwa. Basi likichelewa kupita hapo, hamishia vipande kwenye alkoholi ya 70%. Na kama mgonjwa anaweza kungoja, upasuaji wa titi usipangwe Ijumaa.