Riziki yetu au mkate wa kila siku? Kuhusu neno epiousios

Dada habari, umeuliza kwa nini Biblia ya Union kwenye Mathayo 6:11 inasema "utupe leo riziki yetu" afu jirani yako Mkatoliki anasali "mkate wetu wa kila siku", ipi ndo Kigiriki chenyewe. Mkate upo kabisa, ni artos. Kazi iko kwenye kivumishi chake, epiousios, hicho kimewasumbua watu tangu enzi maana Origen wa karne ya 3, msomi Mkristo wa Aleksandria anayeongea Kigiriki, alisema hakitumiki kwa wasomi wala kwa watu wa kawaida, akaona waandishi wa injili ndo walikiunda. Kwenye Biblia kipo hapo na Luka 11:3 basi. Jerome, msomi wa Kanisa la kale, alipotafsiri Biblia kwa Kilatini, Luka akaweka "wa kila siku", Mathayo akaweka neno lingine zito la mkate upitao asili, na Kigiriki ni kilekile!

Mi naegemea "wa siku inayokuja", kwa sababu Matendo 16:11 neno la karibu nalo, epiousa, ni siku iliyofuata, kwahiyo ukisali asubuhi ni leo hii ukisali usiku ni kesho. Wengine wanasema "unaotutosha kuishi", na hoja yao ina uzito. Usimwambie jirani kakosea, kaeni msome pamoja Kutoka 16, ile mana ya kuokota ya siku tu, na kwenye kikundi chenu usijenge fundisho zima juu ya kivumishi hiki peke yake.