Re: Mtoto wa jirani kamwibia mwanangu kikokotoo na elfu nane, niende polisi?

Ndugu, kwa umri uliotaja, miaka 9, kesi ya jinai haipo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 15, inasema aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai. Kati ya 10 na 12 lazima ithibitishwe kwamba alielewa anachofanya ni kosa. Kuanzia 12 anaweza kufikishwa Mahakama ya Watoto, ila Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu afungwe jela. Nauli zako tu zitazidi hiyo elfu nane.

Nenda kwa wazazi wake jioni, bila mtoto wako, ukiwa na risiti ya kikokotoo. Wakigoma, mwite mwenyekiti wa mtaa. Andikianeni kiasi, tarehe ya kulipa na sahihi za pande zote. Makubaliano ya mdomo huyeyuka mwisho wa mwezi.

Usimchape wala kumfungia ndani, na usimtangaze kwenye grupu la WhatsApp: hapo mshtakiwa utakuwa wewe.

Akirudia, mwone afisa ustawi wa jamii. Polisi nenda ukigundua kuna mtu mzima anayemtuma.