Kabla hujamuuza mbuzi wa maziwa, angalia horini

Juzi kijana mmoja wa Lushoto aliniandikia: "Shikamoo mama. Mbuzi wangu ni chotara wa Kinorwe, amezaa mapacha wiki tatu zilizopita, lakini nikikamua sipati hata nusu lita. Nimuuze nitafute mwingine?" Nilimjibu palepale kwamba asimuuze. Ila swali hili naulizwa kila mara, na mimi mwenyewe lilishanipata, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Mimi nafugia Mgeta, kwenye milima ya Uluguru. Mbuzi wa Kinorwe walifika huku mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Huku hatuchungi. Mashamba ya kabichi na karoti yamebanana mpaka mlangoni, hivyo mbuzi anakaa bandani juu ya chaga, na kila anachokula kimekatwa na kubebwa na mtu.

Mbuzi wangu wa kwanza nilimpata kwa kopa mbuzi lipa mbuzi, yaani unapewa mbuzi kisha unalipa kwa mtoto wake. Alizaa kiangazi, majani yenyewe wakati huo ni mabingobingo, yale majani marefu ya tembo, yaliyokomaa na maganda ya maharage, na maziwa yakawa ya kikombe tu. Shemeji yangu akasimama mbele ya watu akasema mbuzi huyo ni hasara, mwanamke anajua nini habari za mifugo, achinjwe Krismasi. Maneno yale yaliniuma na mpaka leo yananiuma. Nilikataa. Mbuzi yule yule, uzao uliofuata, alinipa lita mbili na zaidi kwa siku, nikanunulia sare za shule kwa pesa ya maziwa yake. Mbegu haikubadilika. Kilichobadilika ni chakula.

Nilianza kwa kutazama horini jioni. Mtazame mbuzi anavyokula: anachambua kwa midomo, anachuma jani, anaacha bua. Ukimpa mabingobingo yaliyokupita urefu, asubuhi utakuta rundo la mabua umsifie kwamba ameshiba, kumbe hakula. Nikawa nakata yakiwa ya kiunoni, nakatakata, na kila siku naning'iniza fungu la majani ya lusina, mti wa malisho, kwenye kamba juu ya hori. Mbuzi anapenda kula akiwa ameinua kichwa, na jani likishaanguka chini likakanyagwa halitaki tena, usimlazimishe.

Hapo kwenye lusina ndipo penye siri yote. Mabingobingo yaliyozeeka yana protini kidogo mno, na mbuzi anayekamuliwa anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 14 hivi. Majani ya lusina yanapita asilimia 20. Kaliandra, mti mwingine wa malisho, na majani ya viazi vitamu nayo yanasaidia sana. Lakini lusina isizidi theluthi ya chakula chake, kwa sababu ina sumu ya mimosini ambayo ikizidi inamnyonyoa manyoya na kumdhoofisha. Majani ya mihogo yaanike yanyauke kwanza.

Halafu kiasi. Mbuzi wa kilo 40 anahitaji karibu kilo 1.6 za chakula kikavu kwa siku. Majani mabichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo hapo unazungumzia kilo nane za majani, siyo kamzigo kamoja ka kwapani. Masika ndiyo mbaya zaidi: majani yamejaa maji, tumbo linajaa, mwili haupati kitu. Yaache yanyauke kidogo kabla ya kumpa.

Pumba za mahindi zinampa nguvu, protini hazina ya kutosha. Changanya sehemu tatu za pumba na moja ya mashudu ya alizeti, mpe kama nusu kilo kwa kila lita anayotoa, na uanze kidogo kidogo kwa wiki mbili. Wapo wanaomwaga pumba sado nzima kwa siku moja wakitaka maziwa ya haraka. Tumbo linachachuka, mbuzi anaacha kucheua, wengine wanakufa. Hata asipokufa, majani yakipungua mafuta ya maziwa yanashuka, na mtindi unakuwa mwepesi.

Na maji! Ndugu zangu, maziwa karibu asilimia 87 ni maji, lakini nakuta mabanda hayana hata ndoo. Huku kwetu Juni na Julai baridi ni kali, mbuzi ananusa maji anageuza kichwa. Nayatia vuguvugu, anamaliza. Jiwe la chumvi lisikose.

Wafugaji wengi wanaamka mbuzi akishazaa. Mmechelewa. Miezi miwili ya mwisho ya mimba acha kumkamua, na mlishe vizuri hasa, maana vitoto vinakua kwa kasi wakati huo, tumbo la chakula linabanwa, na kiwele ndipo kinapojengwa. Aliyeingia kwenye uzazi amekonda atakula mwili wake mwenyewe, kisha maziwa yatakatika. Lazima tuache kulaumu mbegu huku hori limejaa mabua. Unalipa fedha nyingi kununua mbuzi, halafu unaona uvivu kupanda mstari wa lusina ukingoni mwa shamba?

Wewe kijana wa Lushoto, mbuzi wako bado ana nafasi, kwa kuwa maziwa hufika kilele kati ya wiki ya nne na ya nane baada ya kuzaa. Kumbuka pia mapacha wananyonya. Hiyo nusu lita ni baki yao, siyo yote anayotoa. Watenge usiku, ukamue asubuhi kwa kopo lile lile kila siku, uandike kwenye daftari maziwa pamoja na alichokula jana yake. Baada ya wiki tatu nitumie hilo daftari.