Kesi ni ya Jamhuri, lakini simu ilikuwa yangu

Wiki hii barua karibu zote zinahusu korti. Nilikaa kwa dawati la karani hapa Nairobi miaka mingi kabla nistaafu, kwa hivyo hizi nazijibu bila kusumbua mtu.

Karani, habari yako. Mimi ni fundi wa nguo Kayole. Mwaka jana nikitoka kazi saa mbili usiku vijana wawili wa pikipiki walinisimamisha, mmoja akatoa kisu, wakaenda na simu yangu na mfuko wa nguo za makasitoma. Mmoja alishikwa. Nimeenda korti mara 3 na kila mara prosekyuta ni mwingine, huyu wa mwisho aliniuliza "wewe ni nani?" na mimi nimesimama mbele yake! Kesi ikaahirishwa tena. Kila siku ya korti nafunga duka. Kwani huyu si wakili wangu? – Fundi, Kayole

Pole sana dada, na pole kwa hizo nguo za watu maana najua kasitoma hasikii mambo ya kisu.

Hapana, si wakili wako. Angalia vile kesi imeandikwa: Jamhuri dhidi ya fulani. Jina lako liko ndani ya karatasi ya mashtaka kama mlalamishi na ukipanda kizimbani wewe ni shahidi nambari 1, basi. Zamani kwa hizi korti za mahakimu ni polisi walikuwa wanaendesha mashtaka, inspekta anasimama na kofia yake kwapani, lakini Katiba ya 2010 kwa kifungu cha 157 ikapatia kazi hiyo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na pole pole wale polisi wakaondolewa, sasa anayesimama hapo ni mwanasheria aliyeajiriwa na hiyo ofisi. Na mara nyingi huwa anapewa korti, hapewi kesi. Akihamishwa korti nyingine ama akiwa livu, anayekuja anakuta meza na faili zake.

Hebu ingia korti yoyote ya jinai Jumatatu asubuhi, Makadara ama Kibera, ukae benchi ya nyuma uangalie ile meza ya prosekyuta. Kuna rundo la faili, zingine zimefungwa na kamba, zingine kona zimeliwa. Ya juu ni ya kijana alivunja duka, chini yake bangi, chini yake watu wawili wa ploti moja walipigana juu ya kamba ya kuanika nguo, halafu mtu alichukua deposit ya shamba ambalo si lake, halafu mtungi wa gesi umeibwa, halafu yako. Hakimu akiingia huyo mtu bado anasoma, na akiwa anasoma mpelelezi mmoja anamnong'onezea kwa sikio kwamba shahidi ako hospitali. Kwa hivyo hilo swali la "wewe ni nani" si madharau. Anatafuta uso alinganishe na karatasi.

Lakini kesi yako si ya kuchezewa. Wakiwa wawili ama zaidi, ama wakiwa na silaha ya hatari, ama wakikupiga wakati wa kuiba, yoyote kati ya hizo inatosha kuifanya iwe wizi wa kimabavu, kifungu cha 296(2) cha Penal Code, ile sheria ya makosa ya jinai, na adhabu iliyoandikwa hapo ni kifo. Ndio, juu ya simu. Hakuna mtu amenyongwa Kenya tangu 1987, lakini neno liko kwa karatasi na huyo kijana analijua, ndio maana utetezi utapigana na kila kitu utasema.

Na watapigania hapa: usiku ule ulipofika kituoni ukaandikisha OB, kile kitabu cha ripoti cha polisi, ulisema nini? Ulisema unaweza kumtambua? Ulitaja koti lake, kovu, taa ya stima ilikuwa wapi? Maana ukifika kortini useme "alikuwa na kovu kwa shavu" na kwa taarifa yako ya kwanza hakuna kovu, wakili wake ataketi akitabasamu. Nimeona kesi nzuri ikifa hivyo, mama amesema ukweli mtupu lakini ukweli wenyewe haukuandikwa ile siku ya kwanza. Kwa hivyo kabla ya kuingia kizimbani una haki ya kusoma taarifa yako tena, muulize prosekyuta asubuhi mapema, saa mbili na nusu hivi kabla hakimu aingie, si wakati jina linaitwa.

Kuhusu kuahirishwa: faili ya polisi hukaa na mpelelezi, yeye ndiye huileta kortini. Asipokuja, ama amehamishwa huko mbali, prosekyuta anasimama mikono mitupu na anaomba tarehe. Hiyo ndiyo sababu nimeisikia kuliko zote. Chukua namba ya simu ya mpelelezi, umpigie siku 2 kabla ya tarehe. Namba ya kesi na namba ya OB andika nyuma ya kitabu chako cha vipimo. Na tafadhali usichoke ukaacha kwenda, kwa sababu mlalamishi asipofika bila sababu hakimu anaweza kumwachilia mshtakiwa, na hicho ndicho huyo kijana anangojea, si wakili mzuri, ni wewe uchoke.

Kitu kingine cha kuudhi, hakimu akihamishwa katikati ya kesi mshtakiwa ana haki ya kuomba mashahidi waitwe upya. Nakwambia mapema usije ukazirai.

Karani, ndugu yangu alinunua simu mtaani kwa elfu 4, polisi wakaja wakasema ni ya wizi. Ameshtakiwa kupokea mali ya wizi na wanasema anaweza kufungwa miaka 14! Lakini aliyeiba mwenyewe nasikia ni miaka 3. Hii ni haki kweli? – Big bro, Githurai

Kaka umesoma vizuri. Wizi wa kawaida ni miaka 3, kupokea mali ya wizi mpaka 14. Wazo la sheria ni kwamba mwizi bila mnunuzi atakula hewa. Mimi mwenyewe naona pengo ni kubwa mno lakini hawakuniuliza, na hiyo 14 ni dari, mara nyingi anayefungwa hafiki huko.

Kitu cha maana ni kwamba prosekyuta lazima aonyeshe ndugu yako alijua, ama alikuwa na sababu ya kujua, kwamba ni ya wizi. Simu ya elfu 30 kununuliwa elfu 4 gizani stejini bila risiti bila boksi, hapo ameanza vibaya. Kama kuna meseji za M-Pesa zinaonyesha alimlipa nani, hiyo ni dhahabu, asifute kitu kwa hiyo simu yake nyingine. Na asiende kumtafuta mwenye simu "waongee" kichinichini.

Jirani alinipiga na kijiko cha ugali, kile kikubwa cha mbao, nikapata stichi 4. Sasa wazee wa ploti wametupatanisha na amelipa hospitali. Naweza kutoa kesi? – Mama Shiku, Pipeline

Mama Shiku, kijiko cha ugali! Unaweza kuomba, si kutoa. Unaenda kortini siku ya kesi unaambia hakimu mwenyewe kwa mdomo wako, na hakimu ndiye huamua kama sababu inatosha na kama hukutishwa. Sheria inaruhusu korti kupatanisha watu kwa makosa madogo ya kibinafsi, si feloni, yaani yale mazito. Ajabu ni kwamba kupiga mtu ukamjeruhi ni miaka 5 lakini sheria yenyewe haijaiita feloni, kumvunja mtu vibaya sana ndiyo feloni na hiyo ni kifungo cha maisha. Kwa hivyo wataangalia fomu yako ya P3, ile ya polisi ya majeraha, daktari aliandika nini.

Na kwa wale mama wawili waliniandikia kwa siri: kesi ya mtoto kunajisiwa haitolewi na wazazi, hata wazee wakila mbuzi 10. Si yenu kutoa.

Boda wangu alishikwa Ijumaa jioni, akawekwa mpaka Jumatatu. Si sheria ni masaa 24? – Kim, Kasarani

Ni 24 kweli, lakini yakiisha siku ambayo korti haikai basi ni siku ya korti inayofuata. Ndio maana kuna kamata kamata Friday. Lakini kituo kinaweza kumpa bond, yaani anaachiliwa kwa ahadi ya kurudi, hata Jumamosi, na bond ya polisi haina bei. Ikiwa ni cash bail, yaani dhamana ya pesa taslimu, unapewa risiti na hiyo pesa inarudi kesi ikiisha. Wakisema kitabu cha risiti kimeisha, waambie utangoja, ukae hapo kwa benchi.