Mfuko wa barua kwenye Tiger Moth
SWALI: Sisi wakusanya stempu wa Malindi tunataka kuadhimisha safari ya kwanza rasmi ya barua kwa ndege: 18 Februari 1911, Henri Pequet alibeba barua zipatazo 6,500 kutoka Allahabad hadi Naini, India. Tumeahidiwa Tiger Moth, ndege ndogo ya zamani yenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Mfuko ukae wapi?

JIBU: Kiti cha mbele, kwani rubani akiwa peke yake hukaa nyuma. Hatari ni fimbo ya usukani ya mbele, iliyounganika na ya nyuma: mfuko ukiiegemea, ndege haigeuki. Fundi wa ndege aing'oe kwanza, ndipo mfuko ukazwe kwa mikanda. Bahasha zigongwe muhuri wa posta kabla ya kuruka. Msizilambe mapema, unyevu wa pwani huzigandanisha. Kusi likivuma kwa ubavu, ahirisheni.